Thorbecke: mwalimu aliyemfunga mfalme kwa karatasi

Hotuba kwa mkutano wa wazungumzaji wa Kiswahili waishio Uholanzi, The Hague, kabla ya uchaguzi wa manispaa

Wazee wangu shikamooni. Ndugu zangu, hamjambo.

Mwenyekiti ameniomba niseme habari za uchaguzi wa manispaa, na ameniruhusu nianzie popote, mradi nisiwachoshe. Basi naanzia Amsterdam, kwenye kiwanja kilicho karibu na Rembrandtplein, pale penye baa nyingi. Vijana mnapajua, msijifanye. Pana sanamu ya mzee mwembamba, amevaa koti refu na kusimama wima kama anayengoja darasa linyamaze. Huyo ni Johan Rudolph Thorbecke. Sanamu ile iliwekwa mwaka 1876, miaka minne baada ya kufa kwake. Hapa The Hague, mji alikofanya kazi na kufia, wamemsimamishia yake mwaka 2017. Mji wa mfalme haukuwa na haraka naye.

Huyu si mwanasiasa wa kupendeza. Hakuwa mtu wa jukwaani, na hakuna wimbo wake. Alikuwa profesa wa sheria, mkavu wa maneno, mwepesi wa kumkosoa mtu mbele za watu, na hata wenzake wa mrengo wa kiliberali walimchoka. Lakini kila mara unaposimama kwenye dirisha la manispaa ukitaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, umesimama ndani ya kitu alichokipanga yeye. Wadachi wenyewe huuita mpangilio wa serikali yao, yaani taifa, mikoa na manispaa, Nyumba ya Thorbecke.

Alizaliwa Zwolle, tarehe 14 Januari 1798. Ukoo wao ulitoka Ujerumani, nao walikuwa Walutheri, wachache katika nchi ambayo wakubwa wake wengi walikuwa wa Kanisa la Reformed. Baba yake alikuwa na biashara ya tumbaku. Ilipofilisika, mzee hakuinuka tena, na matumaini yote ya nyumba yakaangukia mabega ya kijana. Akasoma kwa shida, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1820, akaenda Ujerumani miaka kadhaa akisoma na kufundisha, na mwaka 1825 akapata uprofesa Ghent. Wakati huo Ubelgiji na Uholanzi zilikuwa ufalme mmoja. Mwaka 1830 Wabelgiji wakaasi, ufalme ukapasuka, na Thorbecke akarudi kaskazini hana kazi. Mwaka uliofuata Leiden wakamchukua.

Nataka mkumbuke huo mwaka 1830. Mfalme Willem I alikuwa akitawala kwa amri zake mwenyewe. Mawaziri walikuwa watumishi wake, hawana la kujibu bungeni. Bajeti iliyo kubwa ilipitishwa mara moja kwa miaka kumi! Wajumbe wa Baraza la Kwanza, yaani chumba cha juu cha Bunge, aliwateua yeye, maisha, na watani wakaliita baraza hilo bustani ya wanyama ya mfalme. Kwa utaratibu huo nusu ya nchi ilimponyoka. Thorbecke alikuwepo, aliona. Wengine wakasema tatizo ni Wabelgiji, ni Wakatoliki, ni wachochezi. Yeye alirudi darasani kuisoma Katiba.

Mwaka 1839 akatoa kitabu cha maelezo ya Katiba, kifungu baada ya kifungu. Kwa mtu wa kawaida ni kitabu cha kumlaza usingizi, ila kwa wanasheria kilikuwa moto: kifungu hiki kinasema hivi, serikali inafanya vile, na hapa maneno yenyewe hayana maana yoyote. Mwaka 1844 yeye na wabunge wenzake wanane wakapeleka bungeni rasimu kamili ya marekebisho. Wadachi wanawaita Watu Tisa. Mwaka uliofuata Bunge likaitupa. Akarudi Leiden kusahihisha mitihani.

Hapa ndipo historia inapochekesha. Februari 1848 mapinduzi yalizuka Paris, na mwezi wa Machi yakafika Vienna na Berlin. Willem II, aliyekuwa mfalme sasa na aliyekuwa amekataa mageuzi kwa miaka, akaona viti vya wafalme wenzake vinatikisika. Bila kuwauliza mawaziri wake, akamwita spika akamwambia yuko tayari. Baadaye akawaambia mabalozi kwamba kwa saa 24 amegeuka kutoka mhafidhina kabisa kuwa mliberali kabisa. Tarehe 17 Machi ikaundwa tume ya watu watano chini ya Thorbecke. Kabla ya katikati ya Aprili rasimu ilikuwa mezani.

Mtu hawezi kuandika katiba ya nchi kwa wiki nne, labda awe ameshaiandika. Yeye alikuwa nayo mfukoni tangu 1844. Watu husema ilikuwa bahati, mapinduzi yalimbeba. Mimi sikubaliani na neno bahati. Wenye hasira mwaka 1848 walikuwa tele Ulaya nzima, na kwingi hasira hizo zilizimwa ndani ya mwaka mmoja au miwili, wafalme wakarudia yale yale. Uholanzi palikuwa na mtu mwenye karatasi iliyokamilika siku mfalme alipoogopa, na mfalme alipotulia karatasi ilikuwa imeshakuwa sheria. Katiba ilitangazwa tarehe 3 Novemba 1848.

Kiini chake ni sentensi fupi kuliko ujumbe wa simu, na bado iko kwenye Katiba ya leo: mfalme haguswi, wanaowajibika ni mawaziri. Maana yake mfalme anaweza kutaka lolote, lakini bila saini ya waziri halitoki, na waziri huyo ataitwa bungeni aeleze. Baraza la Pili, yaani chumba cha chini cha Bunge, likaanza kuchaguliwa na wapiga kura moja kwa moja, na halikadhalika halmashauri za mikoa na za manispaa. Bunge likapata haki ya kurekebisha miswada na ya kuchunguza, na bajeti ikawa ya kila mwaka. Watu wakapata haki ya kukusanyika na kuunda vyama, kama tulivyokusanyika sisi hapa. Makanisa yakaachiwa yajipange yenyewe. Hilo la makanisa nitalirudia, maana ndilo lililomponza.

Katiba ilipopita, mwandishi wake hakupewa uwaziri! Wakubwa waliona mtu huyu ni mgumu mno. Willem II akafa Machi 1849, akaja mwanawe Willem III, mtu wa hasira, ambaye hakuipenda ile Katiba wala hakumpenda profesa. Hata hivyo Novemba mwaka huo hakuwa na njia nyingine, akamkabidhi serikali. Thorbecke akawa Waziri wa Mambo ya Ndani na kiongozi wa baraza la mawaziri. Bungeni wakamuuliza: programu yako ni ipi? Akajibu: subirini matendo yetu. Akakaa.

Matendo yakaja kweli. Mwaka 1850 sheria ya uchaguzi na sheria ya mikoa, na mwaka 1851 sheria ya manispaa. Hii ya mwisho ndiyo inayotuhusu, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Kabla yake, mji ulikuwa na taratibu zake na kijiji kina zake. Miji mingi ilikuwa mikononi mwa familia chache zilizorithishana viti, na mambo ya mji yalikatwa milango imefungwa. Thorbecke akasema manispaa zote, zilizokuwa zaidi ya elfu moja wakati ule, zitafuata sheria moja. Amsterdam na kijiji cha wavuvi vikawa na daraja moja mbele ya sheria. Madiwani watachaguliwa na wakazi wenye haki ya kupiga kura, vikao vyao vitakuwa wazi kwa wananchi, na bajeti yao itapelekwa mkoani ikakaguliwe. Meya atateuliwa na mfalme, jambo ambalo hadi leo wageni hulishangaa: nchi ya demokrasia, meya hapigiwi kura! Leo manispaa hazifiki 350, zimeunganishwa mara nyingi, na sheria yenyewe imeandikwa upya. Lakini ukienda kukaa kwenye viti vya wananchi katika kikao cha madiwani, hakuna atakayekuuliza umefuata nini.

Sasa mwaka 1853. Papa Pius IX alitumia ule uhuru wa makanisa akarudisha maaskofu wa Kikatoliki Uholanzi, na askofu mkuu akawekwa Utrecht, mji ambao Waprotestanti waliuhesabu kuwa wao. Nchi ikawaka. Mahubiri, vijikaratasi, na hati ya malalamiko iliyotiwa saini na watu wapatao 200,000. Thorbecke alikuwa na njia nyepesi ya kujiokoa: awapige marufuku maaskofu, au walau awakemee. Hakufanya. Katiba imesema makanisa yajipange, basi yajipange, na serikali haina kauli. Tarehe 15 Aprili mfalme akaipokea hati ile Amsterdam, na badala ya kusema alivyoshauriwa na mawaziri, akawaonyesha waandamanaji kwamba moyo wake uko nao. Serikali ikamwambia achague. Akachagua, na Thorbecke akaanguka.

Nikisoma habari zake, hapa ndipo ninapomvulia kofia. Makundi yaliyomwangusha yalikuwa yakitumia uhuru wa kukusanyika aliowapa yeye, kuwapinga watu waliokuwa wakitumia uhuru wa dini aliowapa yeye. Hakulalamika kwamba uhuru umetumiwa vibaya. Alihamia viti vya upinzani, akabaki mbunge, akangoja miaka tisa. Na maaskofu walibaki, kwa sababu hata serikali iliyomfuata haikupata kifungu cha kuwaondolea.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa. Mwaka 1836 alimwoa Adelheid Solger, Mjerumani, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka karibu ishirini, na barua alizomwandikia zimehifadhiwa. Yule anayenguruma bungeni ndiye yule anayemwandikia mkewe kwa upole wa kijana anayeposa. Ninalitaja kwa sababu wapo wanaodhani mtu wa kanuni ni lazima awe jiwe hadi chumbani.

Serikali yake ya pili ni ya 1862 hadi 1866. Kwanza shule. Sheria ya 1863 ilianzisha sekondari ya aina mpya, iliyojulikana kama HBS, ya lugha zinazozungumzwa, hesabu na sayansi, bila Kilatini wala Kigiriki. Ilikusudiwa vijana wa tabaka la kati watakaoendesha biashara na viwanda. Basi katika shule hizo wakapita Van 't Hoff, Lorentz, Zeeman na Kamerlingh Onnes, wote wanne wakaja kupata tuzo ya Nobel. Kisha maji: sheria ya mwaka huo huo iliruhusu kuchimba njia mpya ya meli kutoka Rotterdam hadi baharini, na mfereji kutoka Amsterdam hadi Bahari ya Kaskazini. Mnaofanya kazi bandarini Rotterdam, mnakula kwenye mkondo ule. Mwaka 1865 zikaja sheria za afya, udaktari ukawa taaluma moja yenye mtihani mmoja. Sanaa hakuitaka: alisema si kazi ya serikali kuhukumu sanaa, na wasanii hawajamsamehe hadi leo kila bajeti yao inapokatwa.

Sasa niseme lile ambalo kwenye hafla za Wadachi husemwa kwa sauti ya chini. Sheria ya kukomesha utumwa Suriname na visiwa vya Karibi ilipita mwaka 1862, serikali yake ikiwa madarakani, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1863. Uingereza ilikuwa imekwisha kukomesha utumwa katika makoloni yake miaka thelathini nyuma. Na fidia walilipwa wenye watumwa: gulden 300, fedha ya Uholanzi ya wakati ule, kwa kila mtu huko Suriname. Waliofanywa watumwa hawakulipwa hata senti, na wengi wao wakatakiwa kuendelea na kazi za mikataba chini ya uangalizi wa serikali kwa miaka kumi. Fedha za reli na mifereji ile, sehemu yake kubwa ilitoka Java, kisiwa cha koloni lao ambalo leo ni Indonesia, ambako wakulima walilazimishwa kulima kahawa na miwa kwa ajili ya hazina ya Uholanzi. Mfalme asitawale bila kuwajibika kwa wanaotawaliwa, hiyo ndiyo kanuni ya maisha yake. Mjava hakuwamo. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Na sisi Waafrika tunalo letu. Katika serikali yake ya tatu, Uholanzi iliiachia Uingereza ngome zake zote za Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, ikiwemo Elmina. Makabidhiano yalifanyika Aprili 1872. Mikataba ya wakati huo huo ikaiachia Uholanzi mkono huru Sumatra, na mwaka uliofuata ikaingia vitani Aceh, kaskazini mwa kisiwa hicho, vita vilivyochukua miongo. Mfalme wa Elmina, Kobina Gyan, alikataa watu wake wahamishwe kutoka bendera hadi bendera kama mizigo. Waingereza wakampeleka uhamishoni Sierra Leone, wakaupiga mji kwa mizinga. Mtu anaweza kusema hayo waliyatenda Waingereza. Saini ya Uholanzi ilitoka The Hague, nchi ambayo kwa Katiba yake kila saini ina waziri wa kuijibu.

Hata nyumbani uhuru wake ulikuwa na kizingiti. Kupiga kura kulitegemea kodi: ulipaswa kulipa kiwango kati ya gulden 20 na 160, kutegemea mahali unapoishi. Katika nchi ya watu milioni tatu, waliolichagua Baraza la Pili walikuwa kiasi cha 80,000. Mwenyewe aliwahi kuandika mwaka 1844 kwamba kura kwa wote imo ndani ya mwelekeo wa karne, lakini hakuona kwamba siku yake imefika. Kwa wengi waliokuwa hai wakati ule, haikufika.

Alichoacha ni maneno yaliyoandikwa kwa upana kuliko nia ya walioyapitisha, na watu wakaanza kuyashika. Kati ya 1866 na 1868 mfalme na mawaziri wake wahafidhina walilivunja Baraza la Pili mara mbili wakitumaini watapata wabunge watiifu. Wapiga kura wakawarudishia wapinzani wale wale. Mwishowe mawaziri ndio walioondoka, na tangu hapo imejulikana kwamba serikali isiyoaminiwa na Bunge haikai. Hakuna risasi iliyolia.

Machi 1871, Thorbecke akiwa na miaka 73, mjane, mgonjwa mgonjwa, amerudi madarakani mara ya mwisho, alipata barua kutoka Sappemeer, huko Groningen. Aliyeiandika alikuwa binti wa miaka 17, Aletta Jacobs, mtoto wa daktari. Anaomba ruhusa ya kusoma udaktari chuo kikuu, jambo ambalo hakuna mwanamke nchini humo aliyewahi kuruhusiwa rasmi. Mzee alijibu, ila barua akamwandikia baba! Hata hivyo ruhusa ikatoka, ya mwaka mmoja wa majaribio. Mwaka ulipokwisha binti akaandika tena, na ruhusa kamili ikatolewa siku chache kabla mzee hajafa tarehe 4 Juni 1872. Aletta akawa daktari wa kwanza mwanamke wa Uholanzi.

Hakukomea hapo. Mwaka 1883 alikuwa na kliniki yake Amsterdam na analipa kodi kuliko wanaume wengi mtaani kwake. Akaifungua sheria, akaona inasema Mdachi, mtu mzima, mwenye kulipa kiwango fulani. Haikusema mwanamume. Akaenda kudai aandikwe kwenye daftari la wapiga kura. Manispaa ikamkatalia, mahakama zikamkatalia hadi ya juu kabisa, kwa hoja kwamba kila mtu anajua sheria ilimaanisha nini. Na wenye nchi wakashtuka kiasi kwamba mwaka 1887, walipoirekebisha Katiba, waliliongeza neno wanaume ili asije mwingine. Iliwachukua hadi 1917 kuwapa kura wanaume wote, na hadi 1919 kuwapa wanawake. Aletta alikuwa bado hai, akapiga.

Mlango wetu sisi ulifunguliwa baadaye zaidi. Tangu 1985 sheria inamruhusu mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya, aliyeishi hapa kihalali miaka mitano mfululizo, kuwachagua madiwani na hata kugombea udiwani. Bunge hapana, mikoa hapana, hiyo ni ya raia. Kwa hiyo, mama zangu mlio na vibali vya kuishi na mliotimiza miaka, bahasha ya manispaa itakapoletwa msiitupe pamoja na matangazo ya pizza. Ndani yake mna kadi ya kupigia kura. Siku hiyo ichukueni pamoja na kitambulisho halali, mwende kituoni, na msiulizwe na mtu mnamchagua nani.

Nimeona mikono miwili imeshainuliwa, na sura zenyewe nazijua. Kama ni swali la ada ya taka kupanda, jamani, muulizeni diwani.